Mpishi Asiyeiamini Chai

Mpishi hakupenda kuitwa soshalisti. Alisema hilo ni jina la mtu mwenye muda wa kukaa, na yeye aliamka alfajiri kuwasha jiko. Hakupenda kuitwa mzalendo pia. Na siku moja nilipomwita mwanamageuzi, kwa nia njema kabisa, aliweka mwiko chini, akanigusa paji la uso na kuniuliza kama nina homa.

Alikuwa mpishi mkuu wa klabu ya walowezi iliyokuwa katikati ya mashamba ya kahawa, Ruiru ukielekea Thika. Miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akimtaja kwa jina. Wazungu walimwita Mpishi. Wahudumu walimwita Mzee. Mkewe alimwita Baba Watoto akiwa na furaha, na "wewe" siku zilizobaki. Nami nitamwita Mpishi, kwa sababu yeye mwenyewe alidai hiyo ndiyo sehemu yake pekee ambayo dunia imekubali kuilipia.

Msidhani alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa wanga mpaka ikasimama kama mnara wa kanisa, na aliamini kwamba kati ya Nairobi na mlima hapakuwa na binadamu mwingine anayejua kutengeneza mchuzi wa nyama choma ya Kizungu. Msaidizi aliyethubutu kuonja mchuzi huo bila ruhusa alipigwa kijiko mkononi. Nilimwambia kwamba kwa mtu anayetaka kuondoa mabwana duniani, jikoni kwake palikuwa na bwana mmoja mkali sana.

"Huyo ataondolewa mwisho," alinijibu. "Kwanza chakula kiive."

Nyuma ya jiko lake, ng'ambo ya ua wa miiba, kulikuwa na laini: safu moja ya vyumba vya mawe na mabati walimokaa wahudumu, watu wa jikoni, watu wa bustani na familia zao. Kamati ya klabu ilikuwa imeamua kwamba pale pangefaa uwanja wa pili wa tenisi, kwa kuwa ule wa kwanza ulielekea magharibi na jua la jioni liliwaingia wachezaji machoni. Basi miaka yote niliyomjua Mpishi, jambo lilikuwa hilo moja: familia zile zingeondolewa, lini hakuna aliyejua, ili mpira uonekane vizuri. Na katika siku zile za hali ya hatari, serikali ikiwinda wapiganaji wa msituni, kuondolewa laini hakukuwa kutafuta chumba kingine tu. Mkikuyu asiye na mwajiri alirudishwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na walinzi. Mtu wa magharibi, kama Mpishi mwenyewe, alipewa tikiti ya gari la moshi arudi alikotoka, hata kama alikotoka hakukuwa na mtu aliyemkumbuka.

Nilikutana naye kwa sababu ya chai. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na digrii, nafundisha shule moja ya Thika, na watu wenye nia njema walikuwa wananitafuta. Hao walikuwa na chama chenye jina refu kuhusu urafiki wa mataifa yote yaishiyo nchini. Mpishi alilifupisha jina hilo likawa Chai. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, klabu iliwaruhusu wanachama wa Chai kukaa kwenye baraza ya upande, si ile ya mbele, Mzungu na Mhindi na Mwafrika, wanywe pamoja na kuzungumza mustakabali. Choo hakikuwa kwenye makubaliano. Kulikuwa na kamati ndogo iliyoshughulikia suala la choo, na nilipoacha kuhudhuria ilikuwa bado inalishughulikia.

Siku ya kwanza askari wa lango alitazama tai yangu, akatazama baiskeli yangu, akaamini baiskeli. Akanielekeza jikoni.

"Umekuja kuandikwa?" Mpishi aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja kwa chai."

"Chai ya wafanyakazi bado."

"Chai ya mkutano, Mzee. Ya barazani."

Hapo aligeuka, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Aa! Kumbe ndiye wewe Mwafrika."

"Sisi sote ni Waafrika."

"Hapana, mimi ni mpishi. Huko barazani wana Wazungu wa kutosha, wana Wahindi wawili, walikuwa wamepungukiwa na Mwafrika. Wiki nzima Memsaab ananiambia, 'Mpishi, Jumamosi sisi napata Mwafrika.' Nikafikiri ni aina ya samaki."

Wasaidizi walicheka mpaka mmoja akalazimika kutoka nje. Nilikunywa chai yangu barazani siku ile kwa shida, kwa sababu kila Memsaab, mwenyekiti wetu, aliponitambulisha kwa mgeni, nilijihisi nina magamba.

Tangu hapo nilianza kufika mapema na kupitia jikoni kwanza, kwa hiari yangu.

Alikotoa mawazo yake sikuwahi kupata hakika. Yeye alisema ni Burma. Alikuwa amepelekwa vitani kama mpishi wa jeshi, na huko akakutana na sajenti mmoja Mskoti aliyekuwa mchimba makaa kwao. "Mzungu wa kwanza niliyemwona ana kucha nyeusi," alisema. "Nikamwuliza, ninyi pia mna mabwana? Akalia." Mara nyingine sajenti hakulia, alicheka. Mara nyingine alikuwa Mwelshi. Nilipomwonyesha kwamba hadithi inabadilika, alisema hata mchuzi hubadilika kulingana na nyama iliyopo, lakini bado ni mchuzi wake.

Vitabu nilivyosoma Kampala yeye hakuvisoma, na hakuona haya kwa hilo. Nilimsimulia kurasa kadhaa huku akimenya viazi. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza waliovichapa walilala wapi.

Alichokuwa nacho ni majaribio. La makombo ndilo lililojulikana zaidi. Ilikuwa desturi ya klabu kwamba baada ya chakula cha mchana cha Jumapili, mabaki yagawiwe wafanyakazi kwa ngazi. Mhudumu mkuu alichagua kwanza, ndipo wahudumu wengine, halafu watu wa jikoni, na watu wa bustani wakapata mifupa na salamu. Mpishi alipopandishwa cheo, jambo la kwanza alilofanya ni kufuta ngazi. Alichukua sufuria moja kubwa na kumimina kila kilichorudi kutoka mezani, akakoroga, akagawa kwa upawa mmoja, kila mtu sawa na mwenzake. Ulikuwa usawa kamili. Tatizo ni kwamba ndani ya sufuria ile mlikuwa na nyama ya kondoo, samaki, kabeji, mchuzi wa bizari na kastadi ya manjano.

Wahudumu walisusa. Mhudumu mkuu, Mkikuyu mrefu mwenye adabu nyingi, alimwendea. "Mzee, zamani mimi nilikula nyama na yule wa bustani alikula mfupa. Leo sisi wote tunatapika. Hayo ndiyo maendeleo?"

"Mnatapika pamoja," alisema Mpishi.

Ilimchukua majuma kukubali kwamba kastadi iwekwe kando. Hakukiri kwamba alikosea. Alisema ni hatua.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine. Mtu huyu aliyewapikia walowezi mamia hakuwahi kugusa mwiko ndani ya chumba chake cha laini. Alikaa kwenye kigoda akingoja aletewe ugali, na maji ya kunawa, na taulo. Mkewe, mwanamke mwembamba aliyechuma kahawa kwenye shamba la jirani tangu asubuhi, alimpita akiwa na debe kichwani.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "huyu anataka watu wote wa dunia wawe sawa. Muulize mimi niko dunia gani."

"Mama Watoto, hilo ni swali la baadaye," Mpishi alisema.

"Baadaye ya nani? Nyanyua miguu nifagie."

Alinyanyua miguu.

Siasa za wakati ule alizigawa kama nyama: sehemu ya kuchoma, sehemu ya kuchemsha, na sehemu ya kumpa mbwa. Uchaguzi wa Waafrika ulipoletwa, sheria yake iliwapa wengine kura zaidi ya moja, kulingana na elimu na mali na kadhalika, na wengi hawakupewa hata moja. Kwa digrii yangu nilistahili kuwa mtu zaidi ya mmoja, ila kwa kuwa nilikuwa Mkikuyu ilibidi kwanza nithibitishe kwamba mimi ni mwaminifu kwa serikali, yaani kwamba mimi ni hata mtu mmoja. Nilimweleza Mpishi jambo hili kwa hasira.

"Ukizipata zote, nigawie moja," alisema.

"Hazigawiki, Mzee."

"Basi si mali. Mali hugawika. Hicho walichokupa ni pambo."

Nilimwambia anarahisisha mambo. Kura ni mlango, nikasema, ukishaupita unaweza kubadilisha sheria, hata sheria ya nani akae laini. Akauliza kama mtu nitakayemchagua anaishi laini. Nikasema hapana. Anakula wapi Jumapili? Nikasema sijui. Akasema yeye anajua, kwa sababu wameshaanza kuja klabuni kama wageni, na hupenda kipande cha karibu na mfupa.

Kulikuwa na mmoja wao hasa. Huyu tulimwita Mheshimiwa ingawa hakuwa amechaguliwa na mtu. Alikuwa mkandarasi wa ujenzi wa Thika, Mkikuyu mwenye lori, shamba jipya la kahawa na sauti nzuri. Asubuhi alikaa kwenye baraza la kumshauri mkuu wa wilaya, na jioni, kwa watu aliowaamini, alizungumzia uhuru kwa maneno yaliyowatoa machozi. Mimi pia yalinitoa. Mpishi alisikia kwamba nililia akatingisha kichwa.

"Anasema ardhi yetu. Yetu, yeye na nani? Wachumaji wake wa kahawa wanalala wapi?"

"Mzee, kwako wewe ni rahisi," nilimwambia, na siku ile nilikuwa na hasira ya kweli. "Mama yangu yuko ndani ya kijiji chenye handaki. Akitoka kuchota maji baada ya saa waliyopanga anaweza kupigwa risasi. Wewe hakuna aliyekuweka mstarini akakuuliza kama umekula kiapo. Hawamfanyii hivyo kwa sababu ni maskini, wanamfanyia kwa sababu ni Mkikuyu. Yeye angoje mpaka wapishi wa dunia waungane?"

Alikoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Hapo umenishika," alisema. Akaionja, akaongeza, "Lakini waliolinda lile handaki ni akina nani? Si Wakikuyu pia, wa mishahara?"

Hapo naye alinishika mimi. Tulikunywa chai tukiwa tumekasirikiana.

Nisimfanye nabii. Aliyotabiri, mengi hayakutokea. Alisema hali ya hatari ingeishia katika mgomo wa nchi nzima. Iliishia katika makaratasi. Alisema Wahindi wenye maduka ya Thika na Waafrika wenye maduka ya Thika wangeungana dhidi yetu ndani ya mwaka. Walikuwa bado wanagombana juu ya mfereji wa maji machafu. Alisema mabehewa ya watu walioletwa kutoka kwao magharibi, kuchukua kazi za Wakikuyu waliozuiliwa, yangerudi yamejaa pindi watu hao wakielezwa. Alikwenda stesheni mwenyewe kuwaeleza. Walimsikiliza kwa lugha yao, wakamshukuru, wakamwuliza kama klabu ina nafasi.

Aliwapa nafasi. Nilipomwuliza kwa nini, alikasirika. "Sasa nifanye nini, wafe njaa ili mimi niwe sahihi?"

Ndivyo ilivyotokea kwamba laini ilikuwa nusu Wakikuyu na nusu watu wa magharibi, wakipikia nyuma ya ukuta mmoja na kutoaminiana. Kitu pekee walichokuwa nacho pamoja ni ule uwanja wa tenisi uliokuwa unawajia.

Sisi wa Chai tulilijadili suala la laini kwa uangalifu mkubwa. Memsaab alikuwa na mume mwenye kahawa, naye mwenyewe alikuwa na moyo mwema, na sisemi hivyo kwa kejeli, moyo alikuwa nao. Alituambia kwamba haki haiji kwa kelele. Akapendekeza tuandae chai kubwa, tumwalike mkubwa mmoja wa serikali kutoka Nairobi aone mataifa yakikaa pamoja, tumwalike na Mheshimiwa, na katika hali hiyo ya urafiki suala la nyumba za wafanyakazi litajwe kwa upole. Nilipiga kura ya ndiyo. Barazani kila mtu alikuwa na kura moja tu, na nakumbuka niliona hayo ni maendeleo.

Mpishi alipoambiwa apike kwa ajili ya siku hiyo, aliuliza skonzi za namna gani zinatakiwa. Kisha akaenda laini, akazungumza chumba baada ya chumba. Asubuhi ya chai kubwa, jiko la klabu halikuwashwa. Wafanyakazi wote, wa hapa na wa magharibi, walikaa kwenye ngazi za jikoni wakiwa wamevaa kanzu zao nyeupe, safi kabisa. Walikuwa na neno moja: kamati itamke mbele ya mgeni kwamba laini haitabomolewa, na hapo moto utawaka.

Nilikuwa nimefika mapema kama kawaida. Memsaab aliingia akiwa na kofia ya maua.

"Mpishi! Wewe nagonjwa?"

"Mimi mzima, Memsaab. Ni jiko."

"Jiko nafanya nini?"

"Jiko nakataa."

Memsaab alivua glavu, akapiga magoti mwenyewe mbele ya jiko la Dova, lile kubwa la chuma, akajaza karatasi na kuni mbichi. Moshi ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Alinigeukia macho yakimtiririka machozi na kuniuliza kama mimi ninajua. Nilijua. Nimekua na kuni. Nilitia mikono mifukoni nikasema Kampala hatukufundishwa. Lilikuwa tendo langu la kwanza la kisiasa, na Mpishi alinikonyeza.

Ndipo Mheshimiwa alipoingia, suti ya kijivu, akitabasamu kama mtu aliyefika matangani kwa wakati.

"Mzee wangu, leo si siku yake. Leo tunaonekana."

"Unaonekana wewe. Mimi niko jikoni."

"Mgeni akiona hatuwezi hata kuandaa chai, atasema nini juu ya kujitawala?"

"Atasema ana kiu."

"Uhuru ukija, hizi nyumba zitakuwa jambo dogo. Tutajenga za ghorofa."

"Basi tuchukue hilo dogo leo," Mpishi alisema, "la ghorofa tutalingojea tukiwa ndani."

Watu wa ngazini walicheka, na kwa muda mfupi nilidhani ameshinda. Lakini Mheshimiwa hakuwa mjinga. Alimwacha Mpishi, akawageukia wahudumu, akasema nao kwa Kikikuyu, kwa sauti ya chini, kama mjomba. Watu wa magharibi walibaki wakitazama midomo yake. Aliwaambia kwamba wao ni watu wake. Kwamba wengi wao wana ndugu kizuizini, na yeye ndiye anayezungumza na mkuu wa wilaya juu ya ndugu hao, na atazungumzaje kesho akiaibishwa leo? Huyu mzee, akasema, ana kwao, atapanda gari la moshi. Nyinyi mtapanda nini?

Mhudumu mkuu aliinuka, akajikung'uta kanzu.

"Mzee, utanisamehe. Ndugu yangu yuko ndani mwaka wa ngapi huu. Mtu wetu amesema."

Alikwenda akawasha jiko, vizuri, kwa kiberiti kimoja. Mmoja wa watu wa magharibi akauliza kilichosemwa, akaelezwa nusu, akawaambia wenzake, "Kama hawa wanawasha, sisi tunangoja nini? Tufukuzwe peke yetu?" Wakaingia wote. Maji hayakuwa yamechemka na mgomo ulikuwa umekwisha.

Mpishi alibaki amesimama mlangoni. Nilijua alichokuwa anafikiri, au nilidhani najua, mpaka nilipoona jicho lake likimfuata msaidizi aliyekuwa akikanda unga wa skonzi. Alivumilia. Akavumilia tena. Msaidizi alipotaka kuongeza maziwa, Mpishi alinguruma, akamsukuma, akavaa aproni.

"Mzee! Na mgomo?" nilimwuliza.

"Mgomo umevunjwa. Skonzi hazijavunjwa."

Hazikuwahi kutokea skonzi kama zile. Mgeni wa Nairobi alikula kwa bidii na kusema kwamba kama mataifa yote yangeandaa meza namna hii, nchi isingekuwa na hali ya hatari. Mheshimiwa alitoa hotuba. Suala la laini lilitajwa kwa upole, likapelekwa kwenye kamati ndogo, ileile ya choo, kwa kuwa yote mawili yalihusu majengo. Na Mpishi hakufukuzwa. Kamati ya klabu ilijadili, ikakumbuka mchuzi.

Mimi niliacha Chai baada ya hapo. Sikujiunga na kingine. Mheshimiwa alinitaka kwenye kikundi chake, nikamwuliza maswali, akaacha kunitaka. Mpishi naye aliniuliza niko upande gani, nikamjibu kwamba kila upande ninaouona una mtu anayeniambia nisiulize. Akasema huo ni ugonjwa wa watu wenye nyumba ya shule.

Habari za mwisho za laini nilizipata kwa Memsaab. Alinisimamisha barabarani Thika, mbele ya duka la mbegu, uso ukiwaka furaha. Nilikuwa nimeshasikia watu wakisema hali ya hatari iko karibu kuondolewa, nikadhani ni hiyo.

"Mwalimu, napata habari mzuri sana! Kamati nakubali. Ile kazi ya kubomoa laini napewa Mwafrika. Mara ya kwanza kabisa! Sisi nasema miaka yote, na leo wao nasikia."

Niliendesha baiskeli mpaka klabu bila kupumzika. Lori la Mheshimiwa lilikuwa limeegeshwa kwenye nyasi. Laini yote ilikuwa imeshuka chini, mabati yamepangwa upande mmoja na mawe upande mwingine, na familia zilikuwa zimetawanyika, wengine jana, wengine juzi. Kilibaki chumba kimoja, cha mwisho, cha Mpishi. Mkewe alikuwa nje, amekaa juu ya mizigo. Vibarua walikuwa wamekaa kivulini, nyundo chini. Mpishi alikuwa katikati yao akiwagawia uji kutoka kwenye sufuria aliyoipika mwenyewe, hapo uani, mbele ya mkewe. Hilo tu lilitosha kunifanya niangushe baiskeli.

"Kuna nini?" nilimwuliza.

"Nimewauliza wanalipwa nini," alisema. "Msomi, hata klabu hailipi vibaya hivyo. Na chakula hawapewi. Wamekataa kuendelea."

"Kwa hiyo chumba chako kimepona?"

"Chumba? Hatuzungumzii chumba."

Mnyapara alikuwa amekwenda kumleta Mheshimiwa, na Mheshimiwa akaja, akashuka kwenye gari akiwa na saa mkononi, akaikagua.

"Mzee, wewe tena. Unazuia watu wasibomoe nyumba yako, na hilo naelewa."

"Nyumba ni ya klabu. Kazi ndiyo yao. Walipe, wale, ndio wafanye."

"Na nikilipa, utatoka?"

"Mimi nimeshatoka. Si unaona mizigo?"

Walibishana mpaka kivuli kikahama. Wanatenisi wawili walikuja na raketi, wakauliza uwanja utakuwa tayari lini, na nadhani hilo ndilo lililomaliza kazi. Mheshimiwa alikubali nyongeza, na chakula cha mchana. Vibarua walishangilia. Vijana wa Kikuyu na vijana wa magharibi walimshika Mpishi mkono, mmoja baada ya mwingine, wakamwita baba. Kisha wakachukua nyundo, wakapanda juu ya chumba chake, wakaanza kung'oa mabati kwa nguvu ambayo hawakuwa nayo asubuhi.

Nilisimama kando yake tukitazama.

"Mzee," nilisema, "umewafanya wakubomolee nyumba kwa mshahara mzuri."

"Walikuwa wanaibomoa kwa mshahara mbaya."

Mkewe aliinuka juu ya mizigo, mikono kiunoni.

"Na sisi tunalala wapi?"

Mpishi alivua kofia yake nyeupe, akaitazama ndani, akaivaa.

"Kwa dada yangu," mkewe alijijibu. "Kiwandani Thika. Laini yao haijapata tenisi bado."

Dereva wa lori, kijana mwenye uso wa usingizi, alikubali kuwachukua na mizigo yao pamoja na mawe, kwa kuwa mawe yalikuwa yanakwenda Thika kwenye jengo jipya la Mheshimiwa. Nilishika kitanda upande mmoja, Mpishi upande wa pili, tukakipandisha. Mkewe alipanda juu, akajipatia nafasi kati ya sufuria na godoro. Mpishi alipanda mbele kwa dereva, akafunga mlango. Hakuniaga. Aliketi kidogo akitazama vumbi la ukuta wake kupitia kioo, kisha nikamwona akigeuka upande wa dereva, akiinama kidogo, kwa ile sauti yake ya jikoni.

"Na wewe, kijana, kwa safari moja huyu bwana anakulipa nini?"

Mkewe alipiga paa la lori kwa kiganja, mara mbili, mpaka sufuria zikalia.

"Endesha, mwanangu!" alipiga kelele. "Usimjibu mpaka tufike!"